Pikipiki inachemsha kwenye foleni, maji yanapungua, na fundi katoa themostati: uanzie wapi?

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Fundi shikamoo. Nina Pulsar NS200 niliyoinunua mkononi mwa mtu, naishi Tabata nafanya kazi Kurasini. Nikikwama foleni pale Buguruni mpaka Tazara taa ya hiti inawaka, nikipata nafasi ya kutembea inazima. Fundi wa mtaani akatoa themostati akasema niweke maji tu, ikatulia siku mbili tatu, sasa imerudi na kila asubuhi naongeza maji kama nusu glasi. Wananiambia injini imeshakufa. Ni kweli? Na je naweza kuihangaikia mwenyewe nyumbani?"

Marahaba mdogo wangu, na pole. Kwa maelezo yako haya injini haijafa, ila ukiendelea kuiendesha hivohivo utaiua, kwa hiyo kuanzia leo kaipumzishe kidogo tuiangalie taratibu. Na ndio, kazi nyingi hapa unafanya mwenyewe uani kwako, unahitaji spana zako, bisibisi, tesita ya umeme, kipande cha waya, ndoo, na uvumilivu wa Jumamosi moja.

Kabla ya yote nikuombe jambo moja na naomba unisikie. Mfuniko wa rejeta USIUFUNGUE injini ikiwa ya moto. Hata kama unaona maji yameisha, hata kama umechelewa kazini. Mfumo huu ni kama presha kuka ya maharage, mfuniko ule una springi inayobana maji mpaka presha ifike kama bar 1.1 hivi, na maji yakiwa chini ya presha hiyo hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia mpaka kwenye 120. Sasa we ukifungua presha inaondoka mara moja, sehemu ya maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 115 inageuka mvuke papohapo, na maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600, yanatoka kama bomu. Mimi nina kovu kuanzia kiwiko mpaka kwenye kiganja, nilikuwa kijana najifunza kazi, nikazungusha mfuniko robo tu. Subiri injini ipoe, nusu saa kwa uchache, saa nzima ni bora, shika hosi ya juu kwa mkono, ukiweza kuibonyeza ikawa laini na haikuunguzi, weka tambara nene juu ya mfuniko ndo ufungue, polepole.

Na taa ikiwaka ukiwa barabarani, toka pembeni zima injini. Kama feni yako ni ile inayoendelea kuzunguka funguo ikiwa on, acha funguo on feni ipige. Usimwagie maji ya baridi kwenye injini. Naona vijana wanafanya hivo pale kwenye car wash kama vile wanamuogesha ng'ombe, chuma cha moto kikipigwa maji ya baridi ghafla kinajikunja au kinapasuka, na hedi ya aluminiamu, yaani kichwa cha injini, ikishajikunja hapo ndo utaambiwa injini imekufa na itakuwa kweli.

Haya tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Watu wengi wamezoea Boxer na ndugu zake, zile zinapoa kwa upepo tu, zile mbavu za silinda ndo zinatoa joto, hazina rejeta hazina maji. NS200 yako ina silinda moja ya cc 199.5 ina plagi tatu na inapoa kwa maji. Bajaji za TVS King Duramax nazo ni za maji, kwa hiyo fundi wa bajaji hizo anaweza kukusaidia kuliko fundi wa Boxer asiyewahi kufungua rejeta maishani mwake. Mzunguko ni mfupi: wota pampu inasukuma maji yapite kwenye silinda na hedi, yanabeba joto, yanafika kwenye themostati, ile vali inayojifungua yenyewe kwa joto, ikiwa imefunguka yanaingia rejeta, yanapozwa na upepo, yanarudi kwenye pampu. Feni kazi yake ni kuleta upepo pale pikipiki isipotembea. Mfuniko unashika presha, na kile kichupa cha akiba kinapokea maji yanayozidi wakati wa moto na kuyarudisha wakati wa baridi. Basi ndo hicho tu, hamna uchawi mwingine.

Mi mtu akija kwangu na pikipiki inayochemsha sigusi spana, namuuliza kwanza INACHEMSHA LINI. Jibu lake ndo linaniambia nifungue wapi.

Ikichemsha kwenye foleni tu na ikitembea inapoa, kama yako, maana yake maji yanazunguka, rejeta inafanya kazi kwa kiasi fulani, kinachokosekana ni upepo. Mtuhumiwa wa kwanza feni, wa pili uchafu ulioziba mbele ya rejeta. Ikichemsha ukiwa mwendo mkali au unapandisha mlima, tuseme unapandisha Kitonga umebeba mtu na mzigo, hapo upepo upo wa kutosha, kwa hiyo shida ni maji yenyewe hayapiti vizuri: rejeta imeziba ndani, themostati inafunguka nusu, pampu imechoka, au maji ni kidogo. Na ikichemsha dakika chache tu tangu uiwashe asubuhi ikiwa ya baridi, hapo fikiria themostati iliyoganda ikiwa imefunga, au hewa imejaa kwenye mfumo, au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na silinda. Sasa ona, yule fundi wako alitoa themostati kwa ugonjwa ambao hauhusiani na themostati kabisa. Hakukuuliza lini.

Anza na feni. Injini ikiwa ya baridi na funguo imezimwa, ingiza kidole uzungushe pangaboi la feni. Linatakiwa liende laini. Likiwa zito au linakwaruza, ni tope limekauka humo au beringi zimeshika kutu, NS nyingi zinazopita kwenye madimbwi ya mvua za masika naikuta hii. Kama linazunguka, chomoa konekta ya feni, chukua waya mbili, weka fyuzi ya ampia 10 katikati ya moja ili usije ukachoma kitu, lete umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Feni ikizunguka kwa nguvu, mota nzima, shida iko kwenye kinachoiamrisha. Isipozunguka, feni imekufa, tafuta nyingine.

Kama feni ni nzima, angalia fyuzi yake, angalia konekta kama ina kutu ya kijani, na rilei kama ipo. Halafu fuata waya ya feni uone inaelekea wapi. Kuna pikipiki ambazo feni inaongozwa na swichi ya joto iliyofungwa kwa kukazwa palepale kwenye rejeta, inafanana na nati ya shaba yenye waya moja au mbili. Hiyo kuipima ni rahisi: funguo on, ikiwa ya waya mbili chomoa uziunganishe zenyewe kwa zenyewe, ikiwa ya waya moja iguse kwenye bodi ya chuma, feni ikizunguka basi swichi ndo imekufa, badilisha. Lakini kuna pikipiki, hasa za injekta, ambazo pale kuna sensa inayopeleka habari kwenye kontroli boksi na kontroli boksi ndo inawasha feni, hizo usianze kugusisha gusisha waya za sensa, mpelekee fundi mwenye mashine ya kusoma. We fuata waya kwanza ujue yako ni ipi, manake NS200 za kabureta zipo na za injekta zipo.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hawakiangalii kabisa. Feni inazunguka lakini inazunguka KINYUME. Feni imekaa nyuma ya rejeta, kazi yake ni kuvuta upepo kutoka mbele upite kwenye rejeta. Mtu akishawahi kuibadilisha akageuza waya, inasukuma hewa ya moto kwenda mbele, ukitembea inapigana na upepo unaokuja na ukisimama inakurudishia joto lilelile. Na yako umeinunua kwa mtu, hujui nani alishaifungua. Feni ikiwa inazunguka chukua kipande cha tishu ukishike mbele ya rejeta. Kikivutwa kikang'ang'ania pale kwenye mapezi, iko sawa. Kikipeperushwa kuja kwako, geuza waya. Dakika moja, na nimeshakuta pikipiki iliyofunguliwa hedi mara mbili kumbe ni hilo tu.

Halafu tafadhali usiishie kufunga feni dairekti na swichi kwenye usukani. Najua ndo mtindo wa mjini. Ya kukufikisha nyumbani sawa, lakini kuna siku utasahau kuiwasha na injini italipa, na kuna siku utasahau kuizima betri italipa.

Rejeta kwa nje sasa. Piga goti mbele ya pikipiki uwashe tochi ya simu upande wa nyuma, angalia kama mwanga unapita katikati ya mapezi. Pale ambapo mwanga haupiti, na upepo haupiti. Lowanisha tope kwa maji ya sabuni, acha dakika kumi, halafu osha kwa maji ya mpira wa kawaida ukitokea nyuma kuja mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari usiielekeze hapo, inalaza mapezi yote kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe na hapo umeziba mwenyewe. Yaliyolala yanyanyue moja moja na bisibisi ndogo au kijiti, usitoboe mrija. Na kama umefunga ngao, bampa, begi au kibao chochote mbele ya rejeta, toa.

Tuje kwenye nusu glasi ya maji kila asubuhi, manake hiyo ndo inanisumbua zaidi kuliko taa. Mfumo huu umefungwa, maji hayatakiwi kupungua hivo. Yana njia tatu tu za kupotea: yanavuja nje, yanatoka kupitia mfuniko na kichupa cha akiba, au yanaingia ndani ya injini.

Ya nje tafuta injini ikiwa ya baridi, asubuhi, kabla hujawasha. Maji yakivuja kwenye injini ya moto yanakauka hapohapo, unabaki unaona pakavu tu. Tafuta ukoko mweupe au wa kijani kwenye maungio ya hosi, kwenye klampu, kwenye kona za rejeta pale plastiki au tenki linapokutana na mapezi. Bonyeza hosi, ikiwa ngumu kama ubao au ina mipasuko midogo midogo ukiikunja, badilisha. Alafu lala chini kabisa uangalie kifuniko cha wota pampu. Chini yake watengenezaji wengi wanaacha kitundu kidogo, kama cha ncha ya kalamu, na watu wakikiona kinatoa maji wanakiziba kwa silikoni wakidhani ni kasoro. Jamani msikizibe! Kimewekwa makusudi. Ndani ya pampu kuna sili mbili, moja inazuia maji moja inazuia oili, na kitundu kiko katikati yao. Kikitoa maji, sili ya maji imekufa. Kikitoa oili, sili ya oili imekufa. Ukikiziba, maji yanakosa pa kutokea yanaenda kuingia kwenye oili, na kazi ya sili ya bei ndogo inageuka kuwa kazi ya kufungua injini nzima. Yani kitundu kile ni rafiki yako anakwambia ukweli mapema.

Ya pili ni mfuniko. Utoe, uangalie mpira wake kwa chini, ukiwa umekatika, umeacha alama ya kina au umekakamaa, hauzibi. Katikati kuna kivalvu kidogo, kivute kwa kucha kirudi chenyewe, hicho ndo kinaruhusu maji yarudi kutoka kwenye kichupa injini ikipoa. Dalili ya mfuniko kufa ni hii: kichupa cha akiba kinajaa ukitoka safari, asubuhi bado kimejaa vilevile, lakini ukifungua rejeta iko chini. Maji yalienda hayakurudi. Au utakuta hosi imenyonyeka imebanana kama chupa ya plastiki uliyonyonya hewa. Mfuniko mbovu pia unashusha presha, na presha ikishuka maji yanachemka mapema, kwa hiyo unaweza ukawa na kila kitu kizima na bado inachemsha foleni kwa sababu ya mfuniko. Ukinunua angalia namba ya presha iliyoandikwa juu ifanane na ya zamani, usichukue wa gari kisa umekaa.

Ya tatu ndo kila mtu anaiogopa, gasketi ya hedi. Usiiogope kabla hujaipima. Angalia kwenye kidirisha cha oili au chomoa mfuniko wa oili, ukiona ute wa rangi ya maziwa, kama chai ya maziwa iliyoachwa ikaganda utando, maji yameingia kwenye oili, usiwashe tena. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu unaoendelea hata injini ikishapata moto, ni kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, inaungua. Plagi moja ikitoka safi imeng'aa kama imeoshwa huku nyingine zina rangi ya kawaida, na yako ina tatu kwa hiyo una kipimo kizuri hapo, ujue maji yanafika upande ule. Na kipimo ninachokipenda mimi: injini baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza mpaka juu, washa bila mfuniko uangalie kwa mbali kidogo, usiweke uso juu yake. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki, kawaida. Lakini yakiendelea bila kukoma, na ukivuta moto kidogo yanaongezeka, hiyo ni moshi wa silinda unapenya kuja kwenye maji. Hosi ikiwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja tangu kuwasha ikiwa ya baridi, nayo ni dalili hiyohiyo, kwa sababu joto bado halijaweza kuleta presha hiyo. Ukipata hizi, hapo peleka kwa fundi mwenye kifaa cha kupima unyoofu wa hedi na torki spana, sio kazi ya uani kwa mara ya kwanza.

Kwa maelezo yako, kupungua nusu glasi na taa kuzima ukitembea, mi naweka pesa yangu kwenye mfuniko au sili ya pampu, sio gasketi. Lakini pima.

Sasa themostati, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naumia sana nikiona vijana wanaambiwa "toa hiyo, sisi Dar hatuna baridi". Themostati haiko pale kwa ajili ya nchi za theluji tu. Iko pale kuifanya injini ifike joto lake la kazi haraka na ikae hapo. Bila hiyo asubuhi unatembea kilomita nyingi injini bado ya uvuguvugu, petroli isiyochomeka inaosha oili kwenye kuta za silinda, unyevu unabaki kwenye oili hauvukizwi, na kama ni ya injekta kontroli boksi inaona bado baridi inaendelea kumwaga mafuta. Unakula mafuta na unakula ringi pistoni. Na kubwa zaidi imekuficha ugonjwa: zile siku mbili tatu ilizotulia ni kwa sababu maji yalianza na joto la chini zaidi, kwa hiyo yalichukua muda mrefu kufika juu, lakini feni isiyozunguka bado haizunguki.

Kwa hiyo irudishe. Kama unayo ile ya zamani, ipime kabla ya kununua. Chukua sufuria la zamani ambalo halitapikiwa tena kamwe, weka maji, ining'inize themostati kwa uzi isiguse chini, weka na kipimajoto cha jikoni kama unacho, weka jikoni. Kwenye kingo zake huwa imeandikwa namba ya joto, nyingi za pikipiki zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 70 na 85. Utaona kabisa kile kisahani kinasogea polepole kama jicho linafunguka, mpaka kiwe wazi milimita kadhaa kabla maji hayajachemka. Itoe kwenye maji, ikipoa inatakiwa ifunge kabisa. Isiyofunguka au isiyofunga, tupa. Ukiirudisha, kuna nyingine zina kitundu kidogo cha kutolea hewa, kiwe upande wa juu.

Na maji uliyoweka. Maji ya kisima ya Dar sehemu nyingi yana chumvi, unayajua mwenyewe yanavyofanya kwenye birika, ule ukoko mweupe ndo unaoenda kuganda ndani ya mirija ya rejeta yako na kwenye hedi. Ni kweli maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti tupu, hilo sikubishii, ndo maana hatuweki kulanti tupu. Lakini maji matupu hayana dawa ya kutu, yanakula aluminiamu, hayalindi sili ya pampu, na yanachemka mapema. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ukiwa chini ya mfuniko mzima unavumilia mpaka zaidi ya nyuzi 125. Chukua kulanti iliyoandikwa ni ya pikipiki au ya injini za aluminiamu isiyo na silikati, manake silikati zinasaga sili ndogo za pampu za pikipiki. Rangi isikudanganye, kijani, pinki na bluu ni rangi tu, soma maandishi. Kama ni ile ya kuchanganya, changanya na maji yaliyosafishwa. Yale ya kuongezea betri yanafaa, LAKINI soma lebo mara mbili, dukani yanakaa pamoja na tindikali ya betri na watu vyote viwili wanaviita "maji ya betri". Tindikali ikiingia humo ndo basi tena.

Kubadilisha: injini baridi, ndoo chini, fungua bolti ya kutolea maji, kwa kawaida iko kwenye wota pampu au sehemu ya chini kabisa ya mfumo, halafu fungua mfuniko wa juu yatoke kwa kasi. Kichupa cha akiba nacho kimwage ukioshe. Funga, jaza maji yaliyosafishwa, washa mpaka ipate moto, zima, subiri ipoe kabisa, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke maangavu. Yakitoka ya rangi ya kutu kila mara, rejeta ina ukoko ndani, ipeleke kwa wanaosafisha rejeta. Bolti ya chini irudishe na washa (ile pete ya kuzibia) mpya ya shaba na usiibane kwa hasira, imefungwa kwenye aluminiamu.

Kujaza ndo watu wanakosea. Hewa ikibaki kwenye hedi inakaa pale kama mto, chuma cha pale hakiguswi na maji, na pikipiki inachemsha upya ukidhani hujatibu kitu. Paki tairi ya mbele juu ya ngazi au tofali ili mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kuliko zote. Mimina polepole sana. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa ilegeze mpaka maji yatoke bila mapovu, halafu ikaze. Kisha huku mdomo wa rejeta uko wazi washa, bonyezabonyeza hosi kwa mkono kabla hazijawa moto, ilaze pikipiki kushoto kidogo, kulia kidogo, utaona yanabwia, "glu glu", kiwango kinashuka, unaongeza. Kiwango kikitulia zima, funga mfuniko, jaza kichupa kati ya alama ya chini na ya juu, isizidi. Tembea mwendo mfupi, iache ipoe usiku kucha, asubuhi angalia tena. Lazima kishuke kidogo mara ya kwanza, ongeza.

Kulanti ya zamani usiimwage mtaroni wala uani. Ina ladha tamu, na ina sumu inayoua figo, paka anailamba, mbuzi anakunywa, mtoto anaona maji ya rangi nzuri. Weka kwenye dumu, funga, weka mbali na watoto, ipeleke gereji wanakokusanya oili chafu uwaulize kama wanapokea na hiyo, ila usiichanganye na oili.

Vingine vinavyoweza kuleta joto nitavitaja tu: oili kidogo au iliyochoka, kabureta inayopitisha hewa nyingi mafuta kidogo, breki inayoshika, klachi inayoteleza. Kama yote ya juu ni mazima ndo uje huku. Na feni ikianza kuzunguka ukaona inakupulizia joto miguuni foleni ya Buguruni, usishtuke, ndo kazi yake hiyo.

Kwa hiyo leo usiku ukirudi, kata boksi jeupe safi, lisukumie chini ya pikipiki likae chini ya injini na rejeta, chora kwa kalamu mahali ilipo tairi ya mbele. Kesho asubuhi kabla hujawasha angalia tone limedondokea wapi, kama liko usawa wa pampu au usawa wa hosi, au boksi kavu kabisa. Halafu fungua rejeta, tazama kiwango, tazama na kichupa. Nitumie picha ya boksi na ya mpira wa mfuniko, na uniambie ile tishu ilivutwa au ilipeperushwa.